Mazoezi Yanayojenga Mifupa: Mwongozo kwa Wakazi wa Mtwara na Lindi

Alfajiri ufukweni Shangani, Mtwara mjini, utawakuta wanaokimbia, wanaotembea kwa vikundi, wanaopita na baiskeli kuelekea Mikindani, na wachache waliomo majini wakiogelea. Wote wanautendea wema moyo na mapafu yao, lakini mifupa yao haipati fungu sawa. Anayeogelea saa nzima hutoka majini mifupa yake ikiwa haijaambulia karibu chochote, kwa sababu maji yamembebea uzito wake. Wa baiskeli naye amekalia tandiko. Mapaja yanafanya kazi huku uti wa mgongo umepumzika, na waendesha baiskeli wa mashindano wamekutwa mara nyingi na mifupa ya mgongo iliyo hafifu. Binti wa shule anayeruka kamba pembeni yao kwa dakika tano amewapita wote wawili.

Huku Kusini tunazungumza sana kuhusu presha na sukari. Mifupa tunaikumbuka siku bibi ameteleza bafuni na kuvunjika shingo ya paja, na wengi wanaovunjika hapo hawarudi tena kutembea walivyokuwa wakitembea. Jambo hili linaweza kupunguzwa kwa kazi ya dakika chache, nyumbani, bila kulipia ukumbi wa mazoezi. Linachotaka ni kujua zoezi lipi linaufikia mfupa na lipi linaupita tu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Mtu akiumwa goti huku kwetu husema mifupa inasagika. Hilo mara nyingi ni tatizo la gegedu, ule utando laini ndani ya kiungo, nalo huuma. Mwongozo huu unahusu mfupa wenyewe kupungua na kuwa na matundu ndani, hali ambayo madaktari huiita osteoporosisi. Yenyewe haiumi. Mtu huishi nayo miaka mingi bila kujua, mpaka siku mfupa unapovunjika kwa kuanguka kudogo.

Mfupa unavyopokea mazoezi

Mfupa uko hai. Kuna seli zinazobomoa mfupa mkuukuu, na nyingine zinazojenga mpya mahali pake. Kuna pia seli zilizozama ndani ya mfupa, ambazo huhisi unapopinda kiasi kidogo mno chini ya mzigo, kisha hutoa taarifa kwamba hapa paimarishwe. Daktari mpasuaji wa Ujerumani, Julius Wolff, aliliandika mwaka 1892: mfupa hujipanga kufuata mzigo unaobebeshwa. Wacheza tenisi wanalithibitisha, kwani mkono unaoshika raketi huwa na mfupa mnene kuliko mkono wa pili wa mtu yuleyule. Wanaanga wanalithibitisha kinyumenyume. Kule juu mwili hauielemei miguu, na nyonga zao hupoteza kama asilimia 1 ya mfupa kila mwezi, ingawa ni watu wazima wenye afya njema.

Mfupa basi huitikia mzigo mkubwa, unaokuja kwa haraka, kutoka upande ambao haujauzoea. Urefu wa muda hauna uzito huo. Panya wa maabara walioruka mara 5 tu kwa siku mifupa yao ilinenepa, na walioruka mara nyingi zaidi hawakuongeza sana juu ya hapo. Seli zile ni kama mtu anayeitwa mfululizo: mwisho huacha kuitika. Zipe saa chache za kupumzika, zitaitika upya. Kwa hiyo ukiwa na nia ya kuruka mara 40 kwa siku, ruka 20 asubuhi na 20 jioni.

Kutembea je? Kwa mtu aliyekaa dukani siku nzima, au anayeinuka kutoka kitanda cha ugonjwa, ni mwanzo mzuri. Lakini mama wa Newala aliyetembea kwa miguu tangu utoto, mifupa yake imeshauzoea mwendo huo. Aendelee kutembea, ila kwa mifupa aongeze kitu kingine.

Hatua ya kwanza: jijue uko wapi

Karibu asilimia 90 ya mfupa utakaokuwa nao maishani hujengwa kabla hujafika miaka 20. Kufikia 30 hivi umefika kileleni, na baada ya hapo kazi kubwa ni kulinda ulichonacho. Kwa wanawake kuna mteremko mkali hedhi inapokoma. Homoni ya estrojeni hushuka, ubomoaji unaupita ujenzi, na katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake. Wanaume hupoteza polepole zaidi, lakini nao hupoteza.

Jihesabu katika kundi la tahadhari ikiwa uliwahi kuvunjika mfupa baada ya miaka 50 kwa kuanguka tu ukiwa umesimama, ikiwa kimo chako kimepungua kwa sentimita 4 au zaidi, ikiwa mgongo umeanza kupinda kuwa kibiongo, au ikiwa umetumia prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, zaidi ya miezi mitatu. Tenofovir, iliyomo katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ambazo watu wengi wanatumia, nayo hupunguza mfupa kidogo, hasa mwanzoni. Usiiache kwa sababu hiyo hata siku moja. Faida yake ni kubwa mno. Itumie kama sababu ya kuyafanya mazoezi haya kwa bidii zaidi.

Kisha jipime. Kaa kwenye kiti imara kilichoegemezwa ukutani, funga mikono kifuani, simama na kukaa mara tano bila kujishika. Ukishindwa, au ukichukua zaidi ya sekunde 15, miguu yako haijawa tayari kwa kuruka. Anzia hatua ya tano, ile ya kuzuia kuanguka, ukiichanganya na zoezi la kiti, na hatua ya pili isubiri.

Hatua ya pili: kishindo

Kwa watoto hapa ndipo palipo na hazina. Huko Oregon, Marekani, watoto wa shule waliruka kutoka kwenye masanduku yenye urefu wa sentimita 61, mara 100 kwa siku, siku tatu kwa wiki, kwa miezi saba. Mfupa wa shingo ya paja uliongezeka kwa asilimia 4.5 zaidi ya wenzao waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Mwalimu wa michezo wa Tandahimba au Ruangwa hahitaji masanduku hayo. Kamba, rede, netiboli na mpira wa miguu vina kishindo na kugeuka ghafla kwa wingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wacheze dakika 60 kila siku, na angalau siku tatu za wiki ziwe na michezo mikali na ile inayoimarisha misuli na mifupa. Wasichana ndio ninaowaombea hasa. Wakifika darasa la sita au la saba wengi huachishwa kuruka, wanaambiwa wamekua, wakae wakawasaidie mama zao. Miaka ile ya kubalehe ndiyo ambayo mfupa hujengeka kwa kasi kuliko miaka mingine yote, na ikishapita hairudi.

Mtu mzima mwenye afya apande taratibu. Wiki mbili za kwanza fanya visigino: simama karibu na ukuta, jiinue juu ya vidole, kisha dondosha visigino chini kwa nguvu hadi uusikie mtikisiko kwenye nyonga. Mara 20, mara mbili kwa siku. Wiki mbili zinazofuata panda na kushuka kizingiti au ngazi moja ya baraza, ukishuka kwa mguu unaotua kwa uzito. Baada ya hapo ruka: miguu miwili, juu kiasi cha kiganja, tua magoti yakiwa yamelegea kidogo, pumzika pumzi mbili tatu, ruka tena. Anza na mara 10, fika 20, asubuhi na jioni. Ukishazoea, ruka mbele, nyuma, kushoto na kulia, maana mfupa unataka kushtuliwa kutoka pande mpya.

Mahali unaporukia pana maana. Mchanga mkavu wa ufukweni huumeza mshindo, kwa hiyo unachoka sana huku mfupa ukipata kidogo. Subiri maji yakupwe, ushuke kwenye mchanga mgumu wenye unyevu, au baki kwenye ardhi ya uani. Ngoma zetu nazo zihesabiwe. Anayecheza sindimba sawasawa anakanyaga ardhi kwa uzito, anachuchumaa, anageuka, nyonga hazitulii. Ningependa tuiwekee nafasi siku za kawaida, isingojee tu mapokezi ya viongozi na kutoka kwa wanyago.

Mama aliyejifungua karibuni, au ambaye mkojo humtoka anaporuka, abaki kwenye visigino huku akikaza misuli ya nyonga ya chini, ile inayozuia mkojo. Hakuna aibu katika hilo, na misuli hiyo huimarika ikifanyiwa kazi kila siku. Walio kwenye kundi la tahadhari wasiruke kabisa mpaka waonane na mtaalamu.

Hatua ya tatu: madumu

Kubeba uzito ni zoezi ambalo watu waliovuka 50 wanalihitaji kuliko jingine, na ndilo wanalolikwepa zaidi. Huko Queensland, Australia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Griffith waliwachukua wanawake 101 waliokoma hedhi, mifupa yao ikiwa tayari imepungua. Nusu yao walinyanyua vyuma vizito mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara, chini ya usimamizi, kwa miezi minane. Mfupa wa mgongo kiunoni uliongezeka kwa asilimia 2.9, wakati wenzao waliofanya mazoezi mepesi nyumbani walipungua kwa asilimia 1.2. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba mwanamke wa umri huo asiguse mzigo mzito. Naomba tuangalie neno usimamizi: walifundishwa kwanza namna ya kuinua, uzito ukaongezwa baadaye.

Bibi zetu wa uwanda wa Makonde walibeba maji kutoka mabondeni na kutwanga kwa mchi na kinu. Mabomba, mashine za kusaga na bodaboda vimewatua mzigo huo, na ni jambo la kushukuru, kwa kuwa shingo na magoti ya watu wengi yaliumia. Ila mzigo ulioondoka hatukuweka kitu mahali pake.

Chukua dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unajua unachoinua: la lita 5, la 10, la 20. Maji nusu dumu huyumba na kukuvuta. Jaza hadi juu, au tumia mchanga mkavu, ukikumbuka kwamba mchanga huzidi maji, kama kilo moja na nusu kwa lita.

Zoezi kuu ni kuinua kutoka chini. Dumu liwe katikati ya miguu. Sukuma makalio nyuma, inama kutokea nyonga mgongo ukiwa umenyooka, kunja magoti kidogo, shika mpini, kaza tumbo, simama. Rudisha chini kwa njia hiyohiyo. Ukiona mgongo unajikunja, uzito umezidi au hujashuka kwenye nyonga. La pili ni kukaa na kusimama kwenye kiti ukiwa umekumbatia dumu kifuani. La tatu ni kusukuma dumu la lita 3 au 5 kutoka begani kwenda juu, mkono mmoja mmoja. La nne, inama kutokea nyonga, mkono mmoja ukiegemea meza, na wa pili uvute dumu kuelekea ubavuni.

Mwezi wa kwanza tumia uzito ambao ungeweza kuuinua mara 15, uinue mara 10 tu, ujifunze umbo. Baada ya hapo ongeza mpaka mara 8 ziwe ngumu na mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Rudia mzunguko mara tatu, pumzika dakika mbili katikati, siku mbili kwa wiki zisizofuatana. Usizuie pumzi; toa hewa unapoinua, hasa ukiwa na presha. Dumu likishakuwa jepesi, ongeza lita moja. Anayeinua dumu lilelile mwaka mzima mfupa wake umeshalizoea.

Hatua ya nne: mgongo msimu wa korosho

Kuanzia Oktoba, korosho zinapodondoka, watu wazima wa mikoa hii huinama maelfu ya mara kwa siku kuokota. Kuinama huko, mgongo ukijikunja mbele, ndiko kunakoukandamiza upande wa mbele wa pingili za uti wa mgongo. Pingili imara huvumilia. Iliyopungua hubonyea kidogo kidogo, na kibiongo cha wazee wengi hutokana na hapo, ingawa tunasema ni uzee tu.

Mzee wa kundi la tahadhari aokote akiwa amepiga goti moja au amekaa kwenye kigoda, ahame nacho mti hadi mti, au aachiwe kazi ya kubangua na kuchambua akiwa amekaa wima, vijana waokote. Asiinue gunia, na asiliinue hasa huku akigeuza kiwiliwili. Jambo hilo ni baya kuliko yote. Kwenye kupalilia, mpini mrefu wa jembe unasaidia. Kila nusu saa simama, weka mikono kiunoni, fungua kifua, ujinyooshe nyuma kidogo.

Na nyumbani, mazoezi ya kulala chali na kuinua kiwiliwili ili kukata tumbo, au ya kugusa vidole vya miguu huku umenyoosha magoti, mwenye mifupa iliyopungua ayaache. Badala yake alale kifudifudi juu ya mkeka, mto mwembamba chini ya tumbo, ainue kifua na kichwa sentimita chache, ashike kwa sekunde tano, mara 8. Misuli ya nyuma ya mgongo ndiyo inayoshikilia pingili.

Hatua ya tano: usianguke

Mwenye mfupa dhaifu asipoanguka, kwa kawaida mfupa huo hauvunjiki. Mazoezi ya uwiano, yaani ya kusimama bila kuyumba, na ya nguvu za miguu hupunguza maanguko ya wazee kwa karibu robo, na ndiyo yenye faida ya haraka kuliko yote yaliyotangulia. Simama mguu mmoja karibu na meza, kidole kimoja kikigusa, sekunde 10 kila upande. Ukiweza, ondoa kidole. Ukiweza hilo, geuza kichwa polepole. Kisha tembea kwa mstari, kisigino kikigusa vidole, hatua 10, ukiwa karibu na ukuta. Fanya kila siku. Kusubiri chai ichemke kunatosha.

Nyumba nayo irekebishwe siku hiyohiyo. Choo cha nje usiku kinataka tochi karibu na kitanda na njia isiyo na mizizi wala matofali. Vigae vya bafuni vikilowa ni hatari, tandika mkeka wa mpira. Kingo za mikeka ya sebuleni zisijikunje. Ndala zilizolika zitupwe. Kanga ifungwe juu ya kifundo cha mguu. Mzee mwenye mtoto wa jicho apelekwe akafanyiwe upasuaji, maana asiyeona hatua haokolewi na mazoezi.

Ratiba na chakula

Mtu mzima mwenye afya anaweza kupanga hivi: kishindo siku tano za wiki, dakika chache asubuhi na jioni, madumu Jumatatu na Alhamisi, uwiano kila siku, na kutembea au kukimbia kwa ajili ya moyo kama kawaida. Mazoezi ya jua kali la Novemba hadi Februari yafanywe kabla ya saa mbili asubuhi. Mwezi wa Ramadhani hamishia madumu baada ya futari, chakula kikishatulia, na punguza uzito kidogo badala ya kuacha. Mzunguko wa mfupa kubomolewa na kujengwa huchukua miezi kadhaa, hivyo usitegemee mabadiliko yoyote yanayopimika kabla ya miezi sita, na ukiacha, faida huyeyuka.

Kwa chakula sitakaa sana. Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hivi za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyevuka 50 anahitaji 1,200. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao, mtindi, majani ya mlonge, majani ya kunde na ufuta ambao haujakobolewa vyote vinachangia. Samaki, mbaazi na kunde vinaleta protini, ambayo mfupa unaihitaji vilevile. Anayevaa baibui atafute nafasi ya faragha uani apate jua mikononi na miguuni, kwa ajili ya vitamini D. Uraka na pombe nyingine nyingi, pamoja na sigara, hubomoa kile unachojenga. Na msichana anayefanya mazoezi makali huku hashibi, hedhi ikamkatika miezi mitatu, mifupa yake inapungua hata kama ni bingwa wa mkoa. Ale zaidi, na aonwe na daktari.

Wakati wa kwenda hospitali

Maumivu ya ghafla ya mgongo baada ya kuinama, kuinua kitu au kukohoa, kwa mtu aliyevuka 50, yanaweza kuwa pingili iliyovunjika. Usimkande wala usimnyooshe. Mpeleke apigwe picha. Maumivu ya mfupa yanayozidi kila unapoukanyagia na hayaondoki kwa kupumzika siku chache yanaweza kuwa ufa, nayo pia ni ya kupigwa picha. Anayeanguka akashindwa kusimama huku mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, usimlazimishe kutembea. Mlazeni juu ya ubao au godoro gumu, mguu ukitulizwa kwa mito pande zote mbili.

Walio kwenye kundi la tahadhari waanzie hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, na waulizie mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, kabla ya kugusa madumu. Beba orodha ya dawa zote unazotumia, taja mfupa wowote uliowahi kuvunjika na mwaka wake, na useme kimo chako cha ujanani kama unakikumbuka. Kitambulisho cha zamani au cheti cha jeshi mara nyingine huwa kimekiandika.